Matairi ya Jua Kwenye Matope ya Makwale

Mimi gari sijui kuliendesha, lakini tairi nilikuwa nalijua kwa sikio. Mume wangu alikuwa na gari dogo, la siku nyingi, na matairi yake ya zamani yalikuwa na kashata nene, yale meno ya mpira. Akiacha lami na kuingia njia yetu ya Makwale, unamsikia tangu kule kwenye kalvati, gari linavuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana mngurumo ule ulikuwa na kazi nyumbani kwangu.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hakutani naye njiani, hata sauti yake akiisikia anajitenga. Si chuki, ni heshima. Siku zile wasichana wengi wa mjini walikwisha kuiacha, lakini mkamwana wangu aliishika kweli kweli. Akisikia gari linanguruma, anashusha mzigo, anaingia kwenye migomba na kugeuza mgongo mpaka lipite. Mzee wangu naye anapita, macho mbele. Tukaishi hivyo, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake tairi lilikuwa la kuombea kibali, na ukilipata unalishona na kulishona mpaka linabaki viraka. Sasa vitu vikamwagika, vingine vinatoka Dar es Salaam, vingine vinavuka mpaka wa Kasumulu. Pale Kyela mjini kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu, babu zake watu wa pwani, ila yeye amezaliwa hapa na Kinyakyusa anakisema kuwashinda wajukuu zangu. Huyo akaleta matairi ya mtumba ya Ulaya. Mapana, ubavu mwembamba, na usoni laini, michirizi michache tu kama mtu aliyechanjwa chale. Akamweleza mzee kwamba hayo ni ya magari ya mbio, na kwamba Wazungu wana matairi ya baridi na matairi ya jua, na haya ni ya jua.

Nilikuwepo. Niliinama nikabonyeza ukucha kwenye mpira, ukucha ukaacha alama.

"Mwanangu," nikamuuliza, "Mzungu gani anavua tairi ambalo halijaisha?"

"Shikamoo kwanza, mama," akasema, maana alijua namna ya kunipunguza kasi. "Kwao jua likiisha wanayavua. Hapa kwetu jua haliishi. Haya yalitengenezwa kwa ajili ya Kyela, wenyewe hawakujua tu."

Mzee alicheka mpaka akapangusa macho. Mimi mtu akinichekesha huku ananiuzia, namtazama mikono. Nilidhani ni ya wizi, au yameoza kwa ndani. Jambo lenyewe hata mimi halikunijia: kwamba jua la wale watu ni jua kavu, na letu linakuja na mvua mkononi.

Yakafungwa. Yale ya zamani mzee akampa fundi wa viatu, akayakata makubazi, na jozi moja ikarudi kwetu. Nisiwe mwongo, kwenye lami matairi mapya yalikuwa mazuri. Tulipanda Tukuyu, na kwenye zile kona gari liling'ang'ania barabara kama kupe. Mzee alisifu kutoka huku mpaka kule. Nilikaa kiti cha nyuma, nimeshika mlango.

Kilichonikera ni ukimya. Siku ya kwanza naosha vyombo, nageuka, mzee amesimama nyuma yangu. Nikamuuliza amekuja na nini. Akasema na gari. Nikaanza kuwaza: mwanamume mzima anataka kutembea bila kusikika, anakwenda wapi? Matairi ya zamani yalikuwa yakileta ushahidi. Udongo mwekundu, alikuwa Tukuyu. Mweusi, alikuwa shambani. Haya mapya hayakubeba kitu, yalirudi yamenawa uso. Nikamwambia wazi.

"Kuna mahali unataka kupita mimi nisisikie?"

"Mama, kwa magoti haya nipite wapi?"

"Mimi sijui. Matairi yako yanajua."

Alicheka tena. Lakini nilipomwambia habari ya mkamwana, kwamba hatalisikia gari, hakucheka. Nikamshauri apige honi kila kona. Akanikatalia. Kumpigia honi mke wa mwanawe ni sawa na kumwita, akasema, na yeye hajawahi kumwita. Hata watu wakisikia watasema baba mkwe fulani siku hizi anamwita mkwewe njiani. Nikaona ana haki, na bado moyo wangu ukakataa. Nikamwambia mkamwana awe anatazama nyuma. Naye akaniuliza kwa adabu, akigeuka akamkuta baba uso kwa uso, itakuwaje?

Mvua za masika zilipokolea, tulikuwa tunakwenda mashineni, yeye na mimi. Alibeba ungo wa mpunga kichwani na mtoto mgongoni. Mimi nilisimama nyuma kidogo kumsalimu jirani, na salamu za kwetu huzijui, ukizianza huzimalizi haraka. Nilichosikia ni maji kunirukia miguuni. Gari lilikuwa limeshanipita.

Nilipiga kelele. Mkamwana hakugeuka, amefundishwa asigeuke, alirukia pembeni. Mzee alikuwa ameshika breki, na kwenye tope lile matairi ya mbio hayakushika chochote. Gari likakaa mshazari, likateleza polepole, bila sauti, kama mtumbwi unaoachwa na kamba, likaufuata upande ule ule aliorukia. Likakata migomba miwili, likasimama. Mpunga ulitapakaa. Yeye sikumwona.

Nikakimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nilimsikia mzee kabla sijafika. Ameshuka, ameipa mgongo mifereji ya migombani alikorukia mkamwana, ameuelekea mgomba, anauambia mgomba:

"Nauliza tu. Mtoto yupo?"

Mkwe hawezi kumjibu. Mzee akarudia, mgomba haukusema kitu. Halafu mtoto akalia, kilio kikali, cha hasira. Mzee akachuchumaa pale pale kwenye maji.

Nilimkuta mkamwana ndani ya mfereji wa pili, amejifunika kanga uso wote, mguu umevimba tayari. Mtoto amemleta kifuani, na kwenye paja lake kuna alama nyekundu ya vidole.

"Nimemfinya, mama," akaninong'oneza. "Alikuwa kimya, na baba anauliza."

Nilimfunga mguu kwa kitenge changu.

Kesho yake nilikwenda mjini peke yangu. Mwenye duka alinipa pole, akaniambia mama, mimi nilisema ni ya jua, nyinyi mmeyaingiza kwenye mvua. Nikamwambia pole yake nimeipokea na maneno mengine abaki nayo. Matairi ya kashata hakuwa nayo, alisema yanakuja. Yanakuja tangu lini, sikumuuliza.

Mzee hakungoja. Tangu siku ile gari likawa linalala kwa rafiki yake kwenye lami, na njia yetu akawa anaikamata kwa miguu, na yale makubazi, na kila akikaribia kona anakohoa. Alikohoa kama wazee wa kwetu walivyokuwa wakikohoa kabla ya magari, kikohozi kirefu ambacho hakina ugonjwa. Mimi sikumwamini. Mara mbili tatu nilikwenda mpaka lami kulikagua gari, nisije nikakuta analisogeza nusu njia halafu anakohoa. Nililikuta pale pale, kuku wamelala chini yake.

Mguu wa mkamwana ulipopona nilitembea naye tena njia ile ile. Kikohozi kikaja kutoka kwenye kalvati. Akashusha ungo bila haraka, akaingia kwenye migomba, akageuza mgongo. Mzee akapita, macho mbele. Mtoto ndiye hana mkwe wa kumkwepa. Alikuwa mgongoni kwa mama yake, amemgeukia babu yake, anamtazama waziwazi mpaka alipopotea.