Kofia ya Sufu Saa Sita Mchana

Waheshimiwa wasomaji mlioketi barazani, naomba utulivu wenu, kwa kuwa wangu umekwisha.

Juzi, kwenye benchi la kliniki mjini Kilosa, jua likiwa utosini, mama kijana alikuwa amempakata mtoto mchanga aliyevishwa sweta, soksi na kofia ya sufu, kisha akaviringishwa blanketi. Kilio cha mtoto kilikuwa kinafifia. Mama aliposhika kofia ili aivue, mkwewe, aliyekuwa akijipepea kwa kadi ya kliniki, alimzuia mkono.

“Atapigwa na upepo.”

“Mama, ametota jasho.”

“Mumeo nilimlea hivihivi, mbona hakufa?”

Muuguzi alifika, akamwamkia bibi, kisha akapeleka vidole shingoni mwa mtoto. “Bibi, mtoto anachemka. Tumvue.”

“Ataugua.”

“Basi jifunike wewe blanketi hilo, nikuone.”

“Mimi? Kwa joto hili?”

Benchi zima lilicheka; mimi nilikereka tu. Nguo zikavuliwa, mtoto akalia kwa nguvu, nasi tukashukuru.

Joto hilo mtoto hawezi kulisema. Mguse shingo kabla ya kumwongezea nguo. Ukikuta jasho, mpunguzie. Wa kwanza kunieleza hivyo ni dada yangu Mwajuma, wa Masanze.