Nailoni kwa Mwenye Maji

Nilipokuwa mtoto kule Newala, maji yalikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini sote tulijua anaishi kwenye chemchemi ya bondeni, chini kabisa ya mteremko, na kwamba ukimuudhi atahama na maji yake. Hata sufuria yenye masizi haikuruhusiwa kugusa maji yale. Mtu aliyelelewa penye bomba atacheka. Sisi tuliopanda mlima ule na ndoo kichwani hatukucheka.

Kila kiangazi, maji yakipungua, akina mama waliteremka na unga wa mtama kuwaomba mahoka, yaani wazee wetu waliotangulia, wamtulize. Zamani unga ulifungwa kwenye jani, ukamiminwa kidogokidogo chini ya jiwe, na jani likaachwa hapohapo, maana kilichokwenda na sadaka hakirudi nyumbani. Mimi nilikuta zama za nailoni. Unga ulibebwa kwenye mifuko laini ya dukani, na mifuko nayo ikaachwa palepale, kwa heshima ileile.

Bibi yangu, aliyenilea, hakupenda.

"Jani linaoza, mwenyewe analila," aliwaambia siku moja. "Nailoni hailiki. Mtamkaba, na maji yatafunga."

"Bibi, usitutabirie mabaya," alijibu Mama Zuhura, jirani yetu, na wenzake wakacheka.

Mwaka ule maji yalifunga kweli. Wakaongeza sadaka, unga mwingi zaidi na mifuko mingi zaidi. Chemchemi ikatoa uzi wa maji, kisha tope tupu. Ndipo maneno yakaanza, kwamba aliyesema yatafunga ndiye aliyeyafunga. Hakuna aliyemtukana Bibi. Waliacha tu kumwamkia. Kwetu mtoto asiyetoa shikamoo alichapwa. Sasa watoto walimpita Bibi wakitazama miguu yao, na mama zao walinyamaza. Sijapata kuona adhabu kali kama ile, na mpaka leo inaniuma.

Asubuhi moja Bibi alichukua jembe. "Twende tukamfungue koo," aliniambia.

Chini ya jiwe mifuko ilikuwa imeshikamana tabaka juu ya tabaka, unga uliochacha ukinuka ndani yake. Bibi aliivuta kwa mikono, akiomba radhi kila mmoja ulipotoka, kama anayemtoa mtoto mwiba. Jua lilipofika utosini maji yakatoka, kwanza meusi, kisha meupe. Akachota kwa kata, akaninywesha mimi kwanza. Nilipanda mlima mbio kutangaza habari, nikiamini kwamba sasa watamwamkia.

Mama Zuhura aliteremka nami pamoja na wenzake, akatazama maji, kisha akamtazama Bibi na jembe lake.

"Umeona?" alimwambia mwenzake, kwa sauti ya chini lakini tulimsikia. "Aliyefunga ndiye anayejua kufungua."

Wakajaza ndoo zao, wakaondoka. Tangu siku hiyo Bibi aliteremka kuchota wenzake wakisharudi, mpaka miguu ikamshinda. Alipofariki walikuja wengi kuzika, Mama Zuhura akiwa mbele, wakalia sana. Mimi sikuweza kulia nao.

Sasa naishi Masasi, penye bomba linalotoa likipenda. Juzi jioni kwenye runinga nilimwona mama mzee wa kisiwa kimoja huko Pasifiki, ameinama ufukweni, anaokota chupa na nailoni zilizoletwa na bahari kutoka kwa watu asiowajua. Mtangazaji alisema wakiokota leo, kesho zinarudi. Samaki wanakimbia, na vijana nao wanahama. Alisema mengi, lakini mimi niliutazama ule mgongo tu. Nikawaza kwamba hata kule maji yana mwenyewe, naye amekabwa, na anayemfungua koo ameachwa peke yake.

Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu, na bado sijui kama Bibi alimjua kweli mwenye maji au alijua tu kwamba maji yanataka njia. Nadhani yeye hakutenganisha hayo mawili. Alichotaka ni wenzake wanywe, na wamwamkie asubuhi.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia yule mama, peke yangu sebuleni. Nilisubiri marahaba kidogo, kisha nikazima runinga.