Anayenifundisha Bao

Tangu mume wangu azikwe, bao lake nalicheza peke yangu ndani, maana nataka niwafunge wanawake wote wa Utende, wajukuu wangu wajue bibi yao ni nani. Siku moja narudi kutoka kwenye shamba la mwani, nafungua mlango, nakuta kete zimehama na mkeka bado una joto. Nywele zikanisimama. Kesho yake tena, na mchezo wenyewe wa kifundi! Nikawa nazisoma hizo kete kila siku, nikaiva, nikaanza kufunga watu. Wakiniuliza nani kanifundisha, najibu, "Marehemu."

"Muongo mkubwa wewe!" akasema shoga yangu Mize.

Basi juzi mchana nikawaleta wanawake saba washuhudie. Tukasimama mlangoni. Ndani kete zinalia, ta, ta, ta. Mize akaning'ang'ania kanga. Nikaita kwa unyenyekevu, "Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba."

Sauti ya mwanamke. Nikasukuma mlango. Mkekani amekaa mke mwenzangu mkubwa, na ufunguo wake wa zamani wa nyumba hii kiunoni. Toka niolewe nimemnyima salamu.

"Ingia, Bi Mdogo," akasema mbele ya wote. "Miaka thelathini nimeingoja hiyo shikamoo."