Mkubwa Hulala Kwanza

Jumatatu, tarehe 6 Januari 2025, saa nane mchana, Griffin Oyugi alikuwa na kiti kwenye ndege ya kutoka Kisumu, mwanzo wa safari ya kurudi Ufini anakosomea uhandisi wa maji. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kifungua mimba wa Mama Rachael wa Ahero, na hadi Krismasi hakuwa na nyumba.

Kwa Wajaluo hilo si jambo dogo. Kijana hujenga simba, nyumba yake ndogo karibu na lango la boma la baba, na mdogo hatangulii mkubwa: mkubwa hujenga kwanza na kulala humo, hata usiku mmoja. Griffin alikwenda ng'ambo kabla ya kujenga. Likizo nzima alikuwa akilala kwa binamu yake huko Nyamasaria, maana mwanamume mzima hatakiwi kulala katika nyumba ya mamake. Mdogo wake Obonyo, fundi wa pampu kwenye mashamba ya mpunga, alikuwa akimngoja tangu Agosti. Lorine, mchumba wa Obonyo, alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Wewe jenga tu," Griffin alimwambia baada ya Krismasi. "Mimi nimekuruhusu."

"Omera, ndugu yangu, hiyo ruhusa umeitoa Ufini?" Obonyo alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Mtoto akiugua, watu watasema ni mimi nilikuruka. Na mimi nitaamini."

Griffin hakuamini. Lakini hakuwa amewaambia kwamba chuo kimempa nafasi ya kuendelea miaka minne zaidi, na alijua kilichomzuia si mila. Aliyejenga nyumbani husubiriwa arudi.

Kesho yake alimwita Simiyu, fundi wa kijijini. Chumba kimoja, paa la mabati, dirisha moja.

"Moja?" Simiyu akauliza. "Hii ni ya mtu ama ya kuku?"

Mama Rachael alikuwa akianika mpunga. Hakuinua kichwa. "Wacha, fundi. Yeye analala siku moja tu."

Griffin alilitazama shimo la kwanza la nguzo. Chini palikuwa na tope tayari. Maji hayako mbali huku kwenye uwanda wa Kano.

"Weka mbili," akasema. "Na inua msingi, mafuriko yasifike."

Ndipo akamwambia mama yake habari za ile miaka minne. Mama aliendelea kuugeuza mpunga kwa mguu.

"Basi nunua kufuli nzuri," akasema mwishowe.

Jumapili alilala humo, kuta zikiwa bado na unyevu. Asubuhi alimwachia mama ufunguo mmoja, wa pili akautia mfukoni.

Ndege iliondoka kwa wakati. Jumanne Obonyo alianza kuchimba mashimo ya nguzo zake.