Safari ya Kuitafuta Ngome ya Bibi

Mwezi uliopita nilishuka Didia, kijijini kwetu, na mkoba wangu, nikamkuta mtoto wa kaka yangu amemwaga lundo la tofali mbele ya nyumba. Lori lililozileta lilikuwa limekwisha kubomoa pembe moja ya uzio wetu wa minyaa. "Shikamoo shangazi," akasema akinipokea mzigo. "Safari hii tunaing'oa hii minyaa yote, tunaweka ukuta wa kisasa." Nikaitikia marahaba, lakini hasira ilinipanda mpaka masikioni, nakwambia ukweli rafiki yangu. Kijana mwenyewe hana kosa, hakuwepo. Basi kabla hata ya chai nilimketisha nikamsimulia, na wewe vuta kigoda usikie.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa darasa la tano. Siku moja mwalimu wetu wa historia alichora ubaoni ngome ya mawe, yenye minara na lango la chuma. Akasema ngome ziko Ulaya, na chache ziko pwani yetu. Huku bara wazee wetu walikaa vibandani wakingoja kutekwa. Nikanyoosha mkono. Nikasema bibi yangu alizaliwa ndani ya ngome, kwao Usumbwa, tena yenye kuta tatu. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo nikaitwa Binti Ngome, darasani, njiani, hata kisimani.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Bibi, mama mzaa baba, aliletwa Didia kuolewa akiwa msichana mdogo, na hakuna ndugu yake aliyewahi kufika kwetu, si harusini wala msibani. Wanawake wa jirani walipokaa kuchambua pamba walisema, wakijua anasikia, kwamba asiye na kwao hujitungia kwao. Bibi hakuwajibu hata mara moja. Lakini nilipomweleza kicheko cha darasani, aliweka ungo wake chini, akamwita baba mdogo. "Pamba ikitoka shambani, funga maksai," akamwambia. "Nakwenda kwetu. Na mtoto huyu anakwenda na macho yake."

Baba mdogo alikuwa kitinda mimba wa bibi, hodari wa kuendesha mkokoteni na hodari zaidi wa kubisha. Mama yako akisema twende unakwenda, kwa hiyo alikwenda, ila njia nzima aliuliza kama huko ngomeni tutachinjiwa dume au tutakaribishwa kwa maji tu.

Sijawahi kusafiri vizuri kama vile, na nimekwisha panda ndege. Maksai hawana haraka, na mtu akisafiri nao naye hupoteza haraka. Tinde tulishinda kutwa nzima gulioni, bibi akionja chumvi ya kila muuzaji na asinunue. Magurudumu yalilia njia yote, kanga wakikimbia mbele yetu na vifaranga vyao, na mimi nikiwa nimejaza mashavu matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vilivyochemshwa, pamoja na karanga. Tulipoiacha Kahama tukaingia msitu wa miombo. Mbung'o walitufuata, tukafukiza moshi wa kinyesi cha ng'ombe nyuma ya mkokoteni, tukanuka sote. Wenyeji walituuzia asali ikiwa bado na masega. Ushirombo nikaona kanisa la misheni la matofali mekundu, kubwa kuliko jengo lolote nililowahi kuona. Nikauliza, "Bibi, ndiyo hiyo?" Baba mdogo akacheka mpaka akaangusha fimbo.

Toka hapo tukazunguka vijijini na porini, bibi mbele kwa miguu. Na hapa ndipo tulipokosea wote wawili, mimi na yeye. Mimi nilitafuta mawe, kama yale ya ubaoni. Yeye alitafuta uzio wa kimo cha mtu, uliokatwa vizuri, kama alivyouacha utotoni. Hatukuona mawe, hatukuona uzio. Ilipofika alasiri bibi alikaa chini ya mkokoteni, akafunika uso kwa khanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na nilijiona mimi ndiye niliyemleta hapo kwa mdomo wangu.

"Mama, turudi," baba mdogo akasema, safari hii bila mzaha. Mbele yetu palikuwa na kichaka cha miti mirefu kupita paa la nyumba, mashina meusi yameshonana. Alichukua panga afyeke njia ya kugeuzia maksai. Akakata mara moja tu. Utomvu mweupe ukaruka, ukamwingia jichoni, akapiga yowe lililowastua maksai. Sisi Wasukuma tunaijua minyaa tangu tunatambaa, hakuna mtoto asiyeonywa juu ya maziwa yake. Lakini nani alikuwa amewahi kuona minyaa yenye shina nene kama paja?

Yowe lile lilimleta bibi kizee mmoja kutoka nyumba ya karibu, anakuja mbio na kibuyu cha maziwa, maana dawa ya utomvu ule ni kuosha jicho kwa maziwa. Lakini hata kabla ya kumfikia baba mdogo, kizee huyo alikuwa anafoka, "Nani huyo kaukata ukuta?"

Ukuta, alisema; kumbe ule uzio wa bibi ulikuwa umekua miaka yote bila kukatwa. Bibi akafunua uso.

Yule kizee alimwosha baba mdogo jicho, kisha akamgeukia bibi. "Na wewe mayu," yaani mama, "wa kwa nani?"

"Wa mlinda lango," bibi akajibu, sauti ndogo kama yangu. "Lango la pili."

Kizee aliweka kibuyu chini, akapiga magoti, akampigia makofi ya taratibu, yale ya heshima. Akamwambia bibi kwamba ndugu zake walihamishwa wakati wa ugonjwa wa malale, wakatawanyika na kufia mbali, hakubaki wa kumfuata. Kisha akamshika mkono, wakapita upenyo ambao sisi hatukuuona, ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi kwenye mwamba wenye mashimo laini ambamo wasichana wa ngome walisagia mtama. Bibi akatia mkono kwenye shimo lake. Akapiga vigelegele mpaka hua wakaruka mitini. Baba mdogo, jicho limevimba kama andazi, akasema, "Mama, ngome yako imenipiga."

"Ilikuwa inangoja mbishi," bibi akamjibu.

Tulirudi Didia na mzigo wa vijiti vya minyaa kutoka ukuta wa pili. Wanawake wa pamba walipoliona jicho la baba mdogo na kusikia habari yake, walikuja wenyewe kusaidia kuchomeka. Uzio ulipokomaa bibi aliniagiza nimlete mwalimu. Akampa panga. "Mwalimu, bomoa." Mwalimu aliukwaruza ukuta kwa ncha ya panga, akautazama utomvu unaochuruzika, akarudisha panga kwa mikono miwili na kusema, "Shikamoo bibi." Jumatatu akaichora ngome ya bibi ubaoni, na mimi nikasimama kuieleza. Jina la Binti Ngome liliendelea, ila sasa nililiitikia kwa mbwembwe.

Bibi ametutoka, mwalimu naye pia. Maksai wameipisha bodaboda. Kule ngomeni nilipita miaka michache iliyopita: wachimbaji wadogo walisikia kuna dhahabu, na palipokuwa na malango matatu sasa ni maduara, yale mashimo yao marefu, yaliyofunikwa maturubai. Ule mwamba wa kusagia wameupasua kwa nyundo. Nililia pale pale, wala sikujificha.

Mtoto wa kaka yangu alinisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. Tofali zake amejengea banda la kuku. Asubuhi ya kuondoka kwangu, nilipokuwa natoka kwenda stendi, nilimkuta ameinama penye pembe iliyobomolewa na lori, anachomeka vijiti kimoja kimoja, na binti yake mdogo amechuchumaa kando.

"Baba, unafanya nini?"

"Naziba ukuta," akamjibu.