Waliomba ng'ombe wa dot yangu kwa ajili ya safari yangu

Admin, ficha jina langu na la baba yangu, mengine yaache watu wasome. Nina miaka ishirini na tisa, ni binti wa Bukavu, naishi na Papa hapa Nyalukemba. Mama alitangulia zamani. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya shirika moja, lakini vita vilipoingia mjini wakubwa wa shirika waliondoka na sisi tukabaki na funguo za ofisi tupu.

Mchumba wangu anaishi Ubelgiji. Kwao ni Luvungi, kule bondeni. Mwaka juzi kaka yake mkubwa alimwakilisha kwenye dot, yaani mahari, akaleta ng'ombe watatu wazima, si bahasha ya pesa kama wanavyofanya watu wa mjini siku hizi. Papa alifurahi hadi akashindwa kumalizia hotuba yake. Ng'ombe akawapeleka Kabare, kwa tonton wangu, ndugu ya Papa, anayefuga.

Habari ya gharama tulikubaliana mapema, maana sipendi kubebwa kama mzigo. Yeye angelipia mambo yote ya kule: avoka, yaani wakili, dossier ya karatasi za viza, nyumba ya kufikia. Sisi tungelipia ya huku: vyeti, vipimo vya daktari na safari ya kwenda Kampala kwenye mahojiano ya viza. Niliona ni haki. Marafiki zangu walinicheka, eti mwanaume wa Ulaya anagawana gharama na bibi-arusi. Mimi nilijibu kwamba ndiyo mapenzi ya watu wazima. Leo najicheka mwenyewe.

Vita vilipochoma kule bondeni, mama yake alitukimbilia na kifurushi kimoja cha nguo. Papa hakuuliza swali. Alimpa chumba cha marehemu mama yangu, na mimi nikamwita Maman kutoka moyoni. Tulipika pamoja, tulisali rozari pamoja. Risasi zikilia upande wa Muhumba, tulilala chini sakafuni, yeye akiushika mkono wangu.

Kisha benki zikafungwa, mshahara wa Papa ukakatika, na pesa ya Kampala ikakosekana. Jioni moja, tukila, Maman akamwambia Papa: "Mukwe, ngombe ziko tu kule Kabare zinakula majani, na mutoto wetu anakosa ticket. Tuuzishe zile ngombe. Mutoto wangu mukubwa anajua mununuzi muzuri. Mumupatie, auzishe, pesa tuitume moja kwa moja Ubelgiji, yeye apange safari yote."

Kwetu ng'ombe wa dot hawarudi mikononi mwa watu waliowatoa, isipokuwa ndoa imevunjika. Kila mtu anajua hilo, hata mtoto. Lakini Papa alisema, "Sisi tuko famille moja sasa, na hii ni vita." Tonton alinung'unika kwenye simu, halafu akatii. Kaka wa mchumba wangu akaja Kabare, akaondoka na ng'ombe wote watatu. Hakuna mzee aliyeitwa kushuhudia. Tungemwita nani, wakati kila mmoja alikuwa anakimbiza watoto wake?

Nikasubiri tarehe ya mahojiano. Kila nikiuliza, mchumba anasema dossier iko njiani. Baadaye akaacha kupokea simu. Juma lililopita nilimpigia kwa namba ya jirani, akapokea. Sauti yake ilikuwa baridi kama ya mtu wa ofisini.

"Dot si mulisharudisha?" akaniambia. "Mimi niko libre, huru kabisa. Maman hakukuambia?"

Nikakata simu. Nilimkuta Maman jikoni anachambua maharage, nikamrudishia maneno ya mwanawe. Hakukana. Alilia kwanza, halafu akasema yote. Mwanawe amepata binti mwingine huko huko Ubelgiji, ambaye baba yake ni mtu wa kwetu, mtu wa desturi. Mzee huyo alikataa kumpokea kabla dot ya kwanza haijarudi. Basi wakatafuta njia ya kuirudisha bila sisi kujua kwamba tunairudisha.

"Ulikuwa unajua siku ile uliomba ngombe?" nikamuuliza.

"Nilikuwa najua, mwanangu. Yeye ni mutoto wangu. Nikamukatalia, nitaenda wapi? Na nyumba yangu ya Luvungi iliungua."

Niliumia kuliko nilivyoumia kwa mwanawe. Yeye yuko mbali. Huyu alikula kwenye sahani yangu huku akinivua ndoa yangu.

Papa bado hajui. Anawaambia wakristo wenzake pale parokiani kwamba binti yake anasafiri karibuni. Harusi ya huko Ubelgiji ni mwezi ujao. Maman akisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili na kukiri kwamba ng'ombe waliombwa kwa ajili ya safari, yule baba mkwe mpya atajua dot haikurudishwa, na jina letu litasafishwa. Tukinyamaza, desturi itasema tuliivunja sisi wenyewe kwa mikono yetu. Nimemwomba akiri, anatikisa kichwa tu. Nikimwambia Papa, namjua, atamtoa siku hiyo hiyo, na barabara ya Luvungi inajulikana ilivyo hatari. Au nimwambie wazi: useme, ama utoke? Mama mzee, wakati wa vita?

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Papa aliniita akaniambia, "Mukwe wangu anasikia baridi. Fungua valise yako ya safari, umupatie lile blanketi jipya." Nikaifungua, nikampa. Maman alilipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante, mukwe."

Mnaosoma, msinionee haya. Ningekuwa binti yenu, mngeniambia nifanye nini?