Tonge la Kwanza la Mbwa Wetu

Mbwa wetu alikuwa na nywele zilizoota kinyumenyume mgongoni. Mstari mwembamba ulitoka mabegani mpaka karibu na mkia, nywele zake zikielekea mbele wakati nyingine zote zilielekea nyuma. Pale mabegani palikuwa na mizunguko miwili kama ule wa utosini mwa mtoto. Wasafiri walioshuka kununua nyanya zetu pale Ilula walikuwa wanauliza, "Mama, nani kamchana huyu vibaya?"

Mume wangu hakuchoka kuwajibu. Alimpata akiwa mdogo kama kiatu, kwenye shamba la mzungu mmoja alikokuwa mlinzi. Mzungu huyo alitokea Zimbabwe, na ndiye aliyemweleza asili ya mbwa hao. Wafugaji wa zamani wa kusini kabisa mwa Afrika walikuwa na mbwa wenye mstari ule. Wageni wa Ulaya wakaja na mbwa wao wakubwa, wakachanganyika, wakazaliwa hawa waliokwenda kuwinda simba. "Lakini mbwa hao hawamng'ati simba," mume wangu alisema kila mara, kana kwamba alikuwepo. "Wanamzunguka tu, wanamsumbua, mpaka mwenye bunduki afike."

Mimi niliishia darasa la saba, hayo siwezi kuyathibitisha. Nasema nilichokiona. Alikuwa na rangi ya ngano iliyokomaa, mdomo mweusi, miguu mirefu na kifua kama cha mbeba magunia. Asubuhi alitoka na mbuzi, mchana alilala kando ya matenga ya nyanya, jioni alifukuza ngedere shambani. Hakubweka ovyo. Ukimfokea alikugeuzia mgongo na kununa siku nzima. Akikupenda alikuegemea kwa uzito wake wote, mpaka ushike ukuta.

Wezi wa huku huua mbwa kwa nyama yenye sumu. Sasa, kwetu mwenye ulanzi, pombe ya mianzi, hunywa kwanza ndipo ampe mgeni, ili mgeni ajue ni salama. Mume wangu akamzoesha mbwa vivyo hivyo tangu akiwa mdogo. Alimega tonge kwenye sahani ya mbwa, akalitafuna mbele yake, akalimeza, ndipo akaiweka sahani chini. Chakula ambacho hakijaonjwa mbwa hakukigusa. Mara mbili tuliokota nyama uani, nzima kama ilivyotupwa.

Wenzake walimcheka mume wangu. "Kaka, mboga ya mbwa leo ina chumvi?"

"Chumvi ipo. Imekosa nyanya tu."

Mimi sikucheka. Alikuwa mzee wa kanisa, nami niliona ananiaibisha kwa kula sahani moja na mbwa.

Mwaka jana tumbo lilimshika ghafla, tukampeleka hospitali Mbeya. Nyumba na mbwa tulimwachia shemeji yangu, mdogo wake. Siku ya pili kitandani mume wangu aliniuliza, "Mbwa amekula?"

"Amekula."

"Umemwambia mdogo wangu aonje kwanza?"

"Nimemwambia. Pumzika, baba."

Nilikuwa sijamwambia. Simu nilikuwa nayo mkononi, na asubuhi ile nilikuwa nimeongea na shemeji kuhusu mbuzi na funguo za stoo. Jambo la kuonja lilinikwama. Ningemwambiaje mwanamume mzima atafune chakula cha mbwa? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake mume wangu alifariki.

Tulirudi naye kwa gari. Nakumbuka Chimala, watu wanauza mchele kando ya barabara, na mimi nawaza kwamba hakuniuliza tena habari ya mbwa, na hataniuliza tena. Tulipofika nyumbani mbwa alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Jeneza liliposhushwa alivuta kamba mpaka akakohoa.

"Shemeji, huyo anagoma," mdogo wa marehemu akaniambia. "Nimempa ugali na utumbo, anautazama tu. Anakunywa maji basi. Akishikwa na njaa atakula."

Nilijua kwa nini. Sahani ilikuwa pale, inzi juu yake, hatua kumi kutoka kwenye mkeka wangu. Lakini ua ulijaa watu, kwaya ya usharika inaimba, mawifi wamenizunguka. Nikawaza watakavyosema: mjane amechanganyikiwa, anakula na mbwa. Nikabaki nimekaa. Siku ya maziko nilikaa, na siku mbili zilizofuata nilikaa.

Watu walipoondoka nilisonga ugali laini, nikauchanganya na dagaa, nikapiga magoti nyuma ya jiko. Mbavu zake zilihesabika. Nikamega tonge, nikalitafuna, nikalimeza, nikaweka sahani chini. Akanusa mdomo wangu. Akachukua kidogo, akakaa nacho mdomoni, kisha akakiweka chini taratibu. Nikaonja tena. Nikaonja mpaka nikashiba mimi.

Bwana mifugo alikuja akamtundikia dripu. "Mama, huyu ni mzee, ini lilikuwa limechoka siku nyingi," alisema. "Hata angekula, sidhani."

Alikuwa mtu mwema, na nilikuwa nimevaa nguo nyeusi. Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Nimeshindwa kumuuliza tena.

Kesho yake mchana nilimfungua kamba. Alitembea mpaka nilipokuwa nimesimama mlangoni, akaniegemea mguuni. Ukuta ulikuwa karibu, sikuhitaji kuushika. Alikuwa mwepesi kama kanga. Tulisimama hivyo mpaka miguu yake ikaishiwa nguvu, nami nikashuka naye chini, nikakaa.